Takwimu za kale za biashara: mtafute kwanza mtoza ushuru

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, majedwali yenye rangi nzuri husambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Moja linasema Zanzibar iliwahi kutoa asilimia 90 ya karafuu zote za dunia, jingine linasema 80. La tatu linadai Kenya na Korea Kusini zilikuwa sawa kwa utajiri mwaka 1960. La nne linaonyesha katani ya Tanganyika ikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na chini yake hakuna neno hata moja la kueleza namba hizo zilitoka wapi. Watu hubishana hadi usiku, kisha mada hubadilika.

Anayetaka kuujua ukweli, awe mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtu aliyechoshwa na ubishi huo, huanza kwa kuuliza ni tovuti gani yenye takwimu zote. Hakuna tovuti ya namna hiyo, na wengi hukata tamaa hapohapo wakidhani takwimu za zamani za kwetu hazipo. Zipo nyingi ajabu. Swali la kuanzia ni hili: wakati huo, nani alikuwa akitoza ushuru wa bidhaa hiyo, na hesabu zake alikuwa akimpelekea nani?

Tuelewane kwanza kwa maneno machache. Takwimu za biashara ni kumbukumbu za bidhaa zinazovuka mpaka: kiasi chake, thamani yake, zilikotoka na zinakokwenda. Takwimu za uchumi ni pana zaidi. Ndani yake mna bei, mishahara, mapato ya serikali na pato la taifa. Mfululizo ni namba za kitu kilekile kwa miaka inayofuatana. Chanzo cha asili ni kitabu au ripoti ya yule aliyehesabu mwenyewe, na kanzidata ni mkusanyo uliofanywa baadaye na watu wengine kutoka kwenye vyanzo hivyo. Ubishi mwingi mitandaoni huzuka kwa sababu watu wanashika mkusanyo wakidhani wameshika chanzo.

Mfikirie karani wa ushuru kwenye geti la soko. Anaandika magunia ya maembe yanayopita mbele yake, kwa sababu kila gunia lina ushuru wake. Maembe yaliyoliwa nyumbani hayaandiki. Yaliyopenyezwa kwa njia ya nyuma hayaandiki. Akimuuliza dereva yametoka wapi, atajibiwa jina la kituo cha mwisho lori lilipopakia, hata kama shamba lenyewe liko mbali zaidi. Na siku ushuru wa maembe ukifutwa, atapunguza umakini wa kuyahesabu. Takwimu karibu zote za kale za biashara ziliandikwa na karani wa aina hiyo. Ukijua geti lilikuwa wapi na nani alilishika, umeshajua kitabu kiko wapi na kina mapengo gani.

Tuchukue Zanzibar ya karne ya 19, kwa sababu ndiyo inayozusha maneno mengi kuliko zote. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake hapo kutoka Oman kufikia mwaka 1840. Kabla na baada ya hapo aliweka mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Ushuru wa bidhaa za kuingia ulikuwa asilimia 5. Mtu mwenye haraka atasema basi kazi imekwisha: chukua mapato ya forodha, zidisha kwa 20, umepata thamani ya bidhaa zote zilizoingia. Hesabu hiyo haifai, na sababu yake inafundisha mengi. Sultani hakuwa na idara ya forodha. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch. Mpangaji huyo alilipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Fedha aliyopokea Sultani ilikuwa bei ya mkataba, haikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Vitabu vya mpangaji vilikuwa siri yake, naye alikuwa na kila sababu ya kutomwonyesha mtu faida yake.

Basi tunajuaje chochote cha enzi hizo? Kwa sababu palikuwa na watu wengine waliopaswa kuandika. Marekani ilimweka balozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, Richard Waters kutoka mji wa Salem, Massachusetts, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Meli za Salem zilileta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Barua za mabalozi wadogo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Marekani, na karatasi za Waters mwenyewe ziko katika maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex la Salem, ambayo sasa imehamia Rowley, Massachusetts. Uingereza nayo ilimtuma Atkins Hamerton, aliyefika mwaka 1841. Hapa watafutaji wengi hupotea njia. Hamerton alikuwa chini ya serikali ya Bombay, yaani Mumbai ya leo, pamoja na London, kwa hiyo sehemu kubwa ya ripoti za Zanzibar za wakati ule ziko Mumbai, na nyingine kwenye nyaraka za India zilizoko British Library. Tena forodha ya Bombay ilikuwa ikiandika bidhaa zilizoingia kutoka pwani ya Afrika. Pembe iliyotoka Unyamwezi bila kuandikwa na mtu inaweza kukutwa imeandikwa vizuri ng'ambo ya bahari.

Ubora wa namba hizo lakini haulingani. Balozi alipoandika thamani ya karafuu za mwaka, mara nyingi alikuwa amemuuliza mwenye forodha au wafanyabiashara wenzake, kisha akakadiria. Shehena iliyoorodheshwa kwenye kitabu cha meli ni jambo jingine, maana huyo alikuwa akihesabu mali yake mwenyewe. Napendelea sana kitabu cha meli moja kuliko barua yenye jumla ya nchi nzima. Kinaeleza machache, lakini aliyekiandika alikuwa akiyaona kwa macho.

Hali ilibadilika baada ya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Forodha ikawa ya serikali, na kuanzia mwaka 1892 likawapo gazeti rasmi la Zanzibar. Kote katika makoloni ya Uingereza palikuwa na kitabu kilichojazwa kila mwaka na kupelekwa London, kikiitwa Blue Book kwa rangi ya jalada lake. Andika jina hilo pembeni, kwa sababu ndilo utakalolitumia kutafuta. Ndani yake mna biashara, mapato na matumizi ya serikali, mishahara, bei za vyakula na idadi ya watu, na kilijazwa hadi miaka ya 1940. Sambamba nacho kulikuwa na ripoti ya mwaka ya idara ya forodha, yenye maelezo mapana zaidi ya bidhaa moja moja. Nakala ziko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, lakini usikimbilie huko. Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zile za Nairobi zina hazina ya ripoti za serikali za kikoloni, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo kizima cha machapisho ya Afrika Mashariki. Beba barua ya utambulisho na uvumilivu. Ripoti nyingine zimeshapigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust, na matoleo mengi ya gazeti rasmi la Kenya yanasomeka bure kwenye Google Books.

Kwa Tanganyika kuna njia ya ziada. Wajerumani walikuwa wakipeleka ripoti za makoloni yao bungeni Berlin, na mafaili ya wizara yao ya makoloni yako kwenye nyaraka za shirikisho huko Berlin-Lichterfelde. Mafaili waliyoyaacha Dar es Salaam bado yako Dar. Maandishi yake ni ya mkono wa Kijerumani wa zamani, na hata kilichochapishwa kimetumia herufi zinazochosha macho, kwa hiyo tafuta wa kukusaidia kusoma. Waingereza walipoichukua nchi walikuwa na dhamana ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations), wakalazimika kupeleka ripoti Geneva kila mwaka. Machapisho ya takwimu ya Shirikisho hilo yamewekwa mtandaoni kwa wingi. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo baada ya Vita vya Kwanza, njia inaelekea Brussels.

Kisha linakuja geti la pamoja, ambalo watu wengi hawalijui. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1920, na kuanzia mwaka 1949 pakawa na idara moja ya forodha ya nchi zote tatu. Ripoti yake ya mwaka ilichapishwa kwa pamoja, na utaratibu huo uliendelea hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Anayetafuta ripoti ya Tanganyika peke yake ya mwaka 1955 ataambiwa haipo, ilhali imo ndani ya kitabu cha watatu. La hatari zaidi ni kwamba bidhaa zilizotoka Kenya kwenda Uganda au Tanganyika hazikuhesabiwa kuwa zimeuzwa nje. Ziliwekwa kwenye jedwali lao la biashara ya ndani ya eneo. Ukichukua jedwali la mauzo ya nje pekee, viwanda vya Nairobi, vilivyouza sehemu kubwa ya bidhaa zao kwa majirani, vitaonekana vidogo kuliko vilivyokuwa.

Baada ya uhuru mambo ni mepesi, ingawa si kama wengi wanavyodhani. Tanzania Bara ina Ofisi ya Taifa ya Takwimu na kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa. Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Kenya ina ofisi yake ya takwimu, KNBS, na ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka. Benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zote zilianza mwaka 1966, na taarifa zao zina mifululizo mizuri ya fedha za kigeni na bei. Kimataifa, kumbuka miaka ya kuanzia: takwimu za Benki ya Dunia huanzia 1960, za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAOSTAT, 1961, za biashara za Umoja wa Mataifa, yaani Comtrade, 1962. Ukiona jedwali linalodai kuchukua namba za mwaka 1938 kutoka FAOSTAT au Comtrade, liweke kando.

Kwa miaka ya nyuma zaidi, wanahistoria wa uchumi wamefanya kazi ya kuheshimika. Kituo cha CEPII cha Paris kina TRADHIST, inayoonyesha biashara baina ya nchi na nchi tangu 1827. Giovanni Federico na Antonio Tena wamekusanya biashara ya dunia ya 1800 hadi 1938. Chuo Kikuu cha Groningen kina mradi wa Maddison wa pato la watu. Mtandao wa African Economic History Network unawakusanya wanaoshughulikia bara letu. Zote ni bure, na zote ni mikusanyo. Fungua maelezo ya pembeni kabla ya kufungua jedwali, maana humo ndimo wanamosema kwamba namba ya mwaka fulani imekadiriwa kutoka miaka ya jirani. Kwa nchi nyingi za Afrika, miaka ya kabla ya 1950 imejaa mapengo na makadirio ya namna hiyo.

Sasa umekipata kitabu. Usikimbilie kunakili namba, kwa sababu mipaka, fedha na vipimo vilikuwa vikihama chini ya majina yaleyale. Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa na Rwanda na Burundi ndani yake, kwa hiyo huwezi kuiunganisha na Tanganyika kana kwamba ni nchi ileile. Kisumu na Naivasha zilikuwa Uganda hadi mwaka 1902. Eneo la mto Juba (Jubaland) lilitoka Kenya na kwenda kwa Waitalia mwaka 1925. Ukisoma "Zanzibar" katika ripoti za baada ya kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa kiasi kikubwa ile ya Pemba, uliza kama Pemba imo. Hata leo, pato la taifa linaloandikwa "Tanzania" katika majedwali mengi ni la Tanzania Bara tu.

Fedha ndiyo yenye mitego mibaya kuliko yote. "Dola" katika barua za Zanzibar za karne ya 19 kwa kawaida ni riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya Austria yenye mwaka 1780, wala si dola ya Marekani. Baadaye rupia ya India ikatawala. Kabla ya Vita vya Kwanza rupia 15 zilikuwa pauni moja. Madini ya fedha yakapanda bei duniani, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaigandisha kwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Mtu akigeuza rupia za mwaka 1913 kwa kiwango cha 1920, biashara ya nchi itaongezeka kwa nusu nzima bila gunia hata moja kuongezwa. Zanzibar iliendelea na rupia yake hadi mwanzoni mwa 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo kulikuwa na rupia mbili za viwango tofauti, umbali wa safari fupi ya jahazi. Nimeona tasnifu ambazo hazikuligundua jambo hili.

Vipimo navyo vinahitaji jicho. Frasila ya karafuu ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Tani ya Waingereza ni kilo 1,016. Alama ya cwt iliyojaa kwenye ripoti za forodha ni ratili 112, ingawa wengi huidhania 100. Na mwaka wenyewe si mmoja: ripoti za mwanzo za himaya iliyokuja kuwa Kenya zilihesabu mwaka unaoishia 31 Machi, baadaye kalenda ikafuatwa, na leo mwaka wa fedha ni Julai hadi Juni. Halafu usichanganye thamani na kiasi. Katani ya Tanganyika ilifikia kilele cha takriban tani 230,000 mwaka 1964, lakini baada ya hapo bei ikaanguka kwa kasi kuliko tani. Anayetazama fedha peke yake atadhani mashamba yalikufa mapema kuliko yalivyokufa.

Sasa ile asilimia 90 ya karafuu tunaweza kuielewa. Asilimia ya nini? Kabla ya FAO hakuna aliyekuwa akihesabu karafuu zote zilizochumwa duniani. Kilichohesabiwa ni zilizopita forodhani: Zanzibar kwa Waingereza, Madagaska kwa Wafaransa, visiwa vya Indonesia kwa Waholanzi. Maluku ndiko asili ya mkarafuu, na wakulima wa huko waliochuma na kutumia kwao hawakuingia kwenye hesabu. Indonesia yenyewe inaonekana kwenye vitabu kama mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara zake za kretek zinazochanganywa karafuu. Kwa hiyo Zanzibar ilitawala karafuu zilizouzwa katika biashara ya dunia, na sifa hiyo ni ya haki kabisa. Kusema karafuu zote za dunia ni kudai jambo ambalo hakuna kitabu kililipima. Tofauti ya 80 na 90 mara nyingi ni tofauti ya miaka iliyochaguliwa na ya nchi zilizowekwa kwenye jumla.

Dhana nyingine inayosumbua ni kwamba takwimu za nchi mbili zisipolingana, basi kuna wizi. Wizi upo, na magendo yapo: karafuu za Pemba zilizovushwa kwenda Kenya hazikuandikwa popote Zanzibar. Lakini hata biashara safi hailingani. Anayeuza huandika bei ya mzigo ukiwa bandarini pake, anayenunua huongeza nauli ya meli na bima. Zambia imekuwa ikiandika shaba nyingi kuwa imeuzwa Uswisi, kwa sababu kampuni inayonunua iko huko, ingawa shaba yenyewe haifiki Uswisi na forodha ya Uswisi haiioni. Kulinganisha vitabu vya pande mbili ni njia nzuri mno ya kugundua mambo. Tofauti ikionekana, kazi ya kuuliza sababu ndiyo inaanza.

Na Korea? Katika majedwali yaleyale ya Benki ya Dunia ambayo watu wanayanukuu, Korea Kusini ilikuwa tayari mbele ya Kenya kwa pato la kila mtu mwaka 1960. Na pato la taifa la miaka ile ni namba laini kuliko za forodha. Makadirio ya pato la Tanganyika ya 1952 hadi 1954 yalichapishwa mwaka 1958, na chakula ambacho familia zililima na kula wenyewe kilibidi kukadiriwa tu, maana hakikupita geti lolote. Hata karibuni, mwaka 2014, Kenya na Tanzania zilibadili mwaka wa msingi wa hesabu zao, yaani mwaka ambao miaka mingine hulinganishwa nao, na uchumi wa kila moja ukaongezeka kwa takriban robo kwenye karatasi. Usiunganishe namba za kabla na baada ya badiliko kama hilo bila kusoma maelezo.

Ukianza kazi, chagua bidhaa moja na miaka michache. Andika kila namba pamoja na kitabu, ukurasa, kipimo na fedha yake kama ilivyo, na safu ya kubadilisha iwe pembeni yake, usifute ya asili. Tafuta namba ileile kwenye kitabu cha upande wa pili: karafuu za Zanzibar kwenye forodha ya Bombay, kahawa ya Uganda kwenye vitabu vya walioinunua Ulaya.

Na kuna vitabu ambavyo hakuna forodha iliyowahi kuvishika. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa Kilimanjaro mwaka 1933, na vyama vya msingi vya kahawa, pamba na tumbaku kote nchini viliandika kilo za kila mwanachama na bei aliyolipwa, kitu ambacho ripoti ya gavana haina. Madaftari hayo mengi yamelundikwa kwenye maghala yanayovuja. Kama chama chenu bado kinayo, zungumzeni na afisa ushirika na Idara ya Nyaraka kabla ya masika, na pigeni picha kila ukurasa kwa simu mkiwa mnasubiri majibu.